Siku Saba za Halifax

"Hapa wameandika watoto wote," alisema Mzee Aboud, kidole chake kikiwa juu ya karatasi. "Walio hai na waliokufa. Wewe umemwandika Mundhir peke yake."

Metrine hakuondoa macho kwenye kompyuta. Foleni ilikuwa imefika mlangoni, na mashine ya fotokopi ilikuwa imeanza tena kutafuna karatasi.

"Najua, Mzee. Nimefanya makusudi."

"Umemwacha Lujain."

"Nimemwacha kwenye fomu tu."

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu, akaivaa tena, akasoma ule mstari mara ya pili kana kwamba jina lingeweza kujitokeza lenyewe. Alikuwa na miaka sabini. Thelathini na mmoja kati ya hiyo alikuwa karani bandarini, akisimama kando ya meli na ubao wake, akiandika kila kinachoshushwa. "Bibi wee," alisema taratibu, "mimi katika kazi yangu, kitu kisichoandikwa hakijashuka."

"Nielewe, Mzee wangu." Sasa Metrine aligeuka. "Ukimwandika, lazima uandike alifia wapi. Ukiandika alifia Kanada, afisa atajua unaenda kaburini. Atajiuliza, huyu mzee mwenye uchungu namna hii, akifika atarudi kweli? Lakini mtalii hurudi. Mtalii anaangalia majumba ya kale, anapiga picha, anarudi kwake. Ukishafika Halifax, nani atakuzuia kwenda makaburini?"

Nyuma ya Mzee Aboud mtu aliguna, "Yalla, baba, harakisha." Mzee akachukua kalamu. Sahihi yake ilikuwa ya kikarani, nzuri, yenye mkia mrefu. Aliitia bila kuangalia tena ile sehemu ya watoto.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha Deira, kichochoroni nyuma ya kituo cha metro cha Baniyas, katikati ya wakala wa mizigo na duka la masanduku ya safari. Watu walikuja hapo kuchapiwa kila aina ya karatasi. Makarani wengine walichapa mikataba na vitambulisho. Metrine alipewa meza ya mwisho, ya viza za mbali. Alikuwa ameingia Dubai mwaka 2012 kusafisha vyumba katika hoteli moja ya Al Barsha, na cheti chake cha uhazili kutoka Webuye kilikaa chini ya godoro miaka miwili kabla hajapata kiti hiki. Sasa mwaka ulikuwa 2017, na jina lake lilijulikana mpaka Sharjah. Watu walisema, nenda kwa yule dada Mkenya, atakupangia ratiba hadi afisa mwenyewe atamani kusafiri.

Na kweli alijua kuzipanga. Hakuwahi kukanyaga mji wowote kati ya ile aliyoiandika, lakini alijua makumbusho gani hufungwa Jumatatu, kanisa gani lina ngazi nyingi zisizomfaa mtu mwenye magoti mabovu, basi gani huishia wapi. Aliona aibu kuandika ratiba ya uvivu. Mteja akisema "andika chochote tu," alikasirika kimoyomoyo.

Ya Mzee Aboud aliipanga kwa siku nne. Siku saba za Halifax, tarehe tatu hadi tisa Julai. Siku ya kwanza, mnara wa saa wa kale ulio chini ya kilima. Ya pili, ngome ya juu ya kilima, ambako mzinga hulipuliwa kila siku saa sita mchana. Ya tatu, gati ya zamani waliyoshukia wahamiaji waliovuka bahari, ambayo sasa ni makumbusho. Kisha kanisa la mbao lenye umri wa zaidi ya miaka mia mbili na sitini; mnara wa taa juu ya majabali, mwendo wa saa moja kwa gari; makumbusho ya bahari; na siku ya mwisho, matembezi ufukweni na zawadi za kurudi nazo nyumbani.

Mzee alikuwa akija kila alasiri kuuliza kazi imefika wapi. Alipanda metro kutoka Rashidiya, akabadilisha Union, akatembea polepole kwenye kivuli cha maduka, na mkononi daima alikuwa na visheti kwenye kopo alivyopika mkwewe, mke wa Mundhir. Alianza kuipenda ile ratiba.

"Kumbe ni mji wa bandari!" alisema alipoonyeshwa ramani. "Lujain hakupata kuniambia. Mimi nikadhani ni theluji tupu." Na alipoona picha ya mnara wa saa, alitoa simu yake, akamwonyesha Metrine picha ya msichana aliyevaa koti la njano na mtandio mweusi, akicheka, na nyuma yake saa ile ile.

Lujain alikwenda mwaka 2013 kusomea uhandisi. Januari ya 2016, gari alilopanda kutoka chuoni liliteleza kwenye barafu. Watu wa msikiti walipiga simu Rashidiya alfajiri, wakauliza mzazi anasemaje. Kumleta kungechukua siku nyingi na karatasi nyingi; na yeye kwenda kulihitaji viza, na viza ilihitaji majuma. Mzee Aboud akasema, mzikeni. Neno hilo moja. Mkewe alikwisha kufa miaka mingi nyuma, kwa hiyo hakuwapo wa kushauriana naye.

"Na wewe wazazi wako?" alimuuliza Metrine siku moja.

"Baba yupo, Kiminini. Mama alizikwa nikiwa Al Barsha. Madam wa hoteli alisema msimu ni wa wageni wengi, niende baadaye. Siku ile nilitandika vitanda kumi na vinne."

Mzee alimtazama. Alisogeza kopo la visheti karibu na kompyuta, wakavila wote wawili.

Labda ndiyo sababu Metrine aliliacha nje lile jina. Alitaka mzee huyu afike. Alikuwa ameona mama mmoja akiandika ukweli wote, dada yangu anaumwa, nataka kumuuguza, akakataliwa. Na alikuwa ameona vijana wenye ratiba za makumbusho wakipita kama maji. Alijiamini. Hakuna ratiba yake iliyorudishwa tangu mwaka jana.

Jibu lilikuja katikati ya Mei, Jumatano, saa nne asubuhi. Metrine aliisoma barua akiwa amesimama, akaketi, akaisoma tena. Afisa alikuwa ameangalia kumbukumbu. Palikuwa na mwanafunzi, marehemu, aliyemtaja Aboud wa Rashidiya kuwa baba yake. Mwombaji hakumtaja binti huyo kati ya watoto wake na hakueleza kusudi la kweli la safari. Kwa hiyo maombi yalikuwa yamekataliwa kwa sababu ya kusema uongo, na mwombaji hangeruhusiwa kuingia nchini humo kwa miaka mitano.

Miaka mitano. Alipiga hesabu ambayo haikuhitaji kupigwa. Sabini na tano.

Arbab, mwenye ofisi, alikuja, akasoma juu ya bega lake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye foleni. "Mwambie rejected," alisema. "Watu wengi ni rejected. Usimwambie mambo mengine. Sahihi ni yake, sio yetu. Khalas, yameisha."

"Akitaka kuomba tena mwakani?"

"Mwakani inshallah tutaona."

Siku ile mzee hakuja, wala kesho yake. Metrine alishukuru, kisha akajichukia kwa kushukuru. Ingekuwa rahisi kunyamaza. Mzee angesema ni riziki ya Mungu, angeomba tena, angekataliwa tena, angezeeka akidhani ni afisa tu aliyemkatalia. Alhamisi jioni, katika chumba walichokaa wanawake sita, alimweleza Peninah wa kitanda cha chini, aliyekuwa mlinzi wa duka kubwa.

"Usiende kumwambia," Peninah alisema. "Akienda polisi je? Wewe ndio ulichapa."

"Ni mimi nilichapa, eeh."

"Basi kaa kimya."

"Nitakaa kimya mpaka lini? Yule mzee ana sabini."

Ijumaa baada ya swala alipanda metro hadi mwisho wa njia, Rashidiya. Nyumba ilikuwa ya chini, yenye ua na vyungu vya maua. Mkwewe alimkaribisha, akamwonyesha sebule, akatoka. Mzee Aboud alikuwa akipiga pasi kanzu mwenyewe. Alimwona Metrine, akaona bahasha, akachomoa waya wa pasi ukutani.

"Wamekataa," alisema.

"Wamekataa, Mzee." Metrine alikuwa amepanga maneno kwenye metro, toka Union hadi hapo, na sasa hayakuwapo. "Lakini si hivyo tu. Naomba nikusomee yote."

Akasoma, akitafsiri sentensi moja moja. Alipofika kwenye neno lile alisita, halafu akalitafsiri kama lilivyo: uongo. Alipomaliza, feni ya dari ilikuwa ikizunguka na mahali fulani uani maji yalikuwa yakimwagika.

"Nani kasema uongo?" Mzee aliuliza.

"Mimi. Ni mimi nilimtoa. Uliniuliza, nikakwambia ni kwenye fomu tu."

"Sahihi ya nani?"

"Yako. Lakini—"

"Basi ni sisi wawili." Alikaa kwenye kochi. Mkono wake ulipapasa kanzu iliyokuwa bado na joto la pasi. "Unajua wamejuaje? Mwenyewe ndiye aliyewaambia. Kaandika, baba yangu ni fulani, anakaa pahali fulani. Yeye kanitaja, mie sikumtaja."

Metrine alipiga magoti, kama anavyofanya msichana wa kwao mbele ya mtu mzima aliyekosewa. "Mzee, nisamehe."

"Inuka. Inuka, mwanangu, sitaki hivyo." Sauti yake haikuwa ya hasira, na hilo lilikuwa gumu zaidi. "Nenda zako sasa. Sikufukuzi. Nataka kukaa peke yangu tu."

Mkwewe alikuwa amekwisha leta sharubati. Metrine aliinywa, akaaga, akatoka juani.

Ramadhani ikaingia. Ofisi ilifungwa mapema, na mji ukawa na usingizi wa mchana. Wateja waliendelea kuja kwenye meza ya mwisho. Kijana mmoja alimwambia asiandike kwamba ana mke, Metrine akasema, "Una mke?" Kijana akasema anaye. Metrine akamwandika. Yule kijana alichukua karatasi zake akaenda ofisi nyingine mtaa wa pili, na arbab akauliza siku hizi kuna nini. Metrine akasema hakuna kitu, sir. Ratiba alizipanga bado, lakini mkono ulikuwa umepungua wepesi, na mara nyingine alijikuta ameitazama picha ya mji fulani muda mrefu bila kuandika neno.

Siku nne baada ya Idi, Mzee Aboud aliingia. Alikuwa amekonda. Alichukua namba kwenye mashine kama mteja yeyote, akakaa, akangoja watu kumi na mmoja. Zamu yake ilipofika, aliweka mezani ile ratiba ya siku saba.

"Huko yuko msichana wa Kiganda," alisema, "Teopista. Alikuwa chumba kimoja na Lujain. Alikuwapo wanawake wa msikiti walipomkosha kabla ya kumzika, ingawa si dini yake. Walimruhusu asimame amshike mkono. Huniandikia kila mwezi. Nimemuuliza kama atakwenda kwenye mahali hapa pote, siku hizi hizi, aniletee picha zinazotembea. Kakubali. Sasa wewe ndiwe uliyeipanga. Mwelekeze."

"Mimi, Mzee?"

"Nani mwengine? Mie sijui basi gani linakwenda wapi."

Metrine aliandika mbele yake, akiangalia saa za kufunguliwa, vituo, upande upi wa kusimama ili jua lisiingie kwenye kamera. Kuongea kwa simu ya picha moja kwa moja kusingewezekana. Simu hizo zimezuiwa Dubai. Teopista angerekodi, na wao wangetazama siku ya pili yake. Mzee alisoma kila mstari kabla haujatumwa. Kwenye siku ya saba aliweka kidole.

"Hapa futa hizo zawadi," alisema. "Andika kaburini kwa Lujain binti Aboud."

Metrine akaandika.

Tarehe nne Julai, baada ya swala ya alasiri, walitazama rekodi ya kwanza, mzee upande wa mteja, Metrine upande wake, simu imeegemezwa kwenye stepla. Mnara wa saa ulikuwa mdogo kuliko picha. Upepo ulivuma kwenye kipaza sauti. Kisha sauti ya mwanamke, Kiswahili chake kikichechemea: "Mzee, shikamoo. Hii ndio saa. Lujain alipita hapa kila siku na bado alichelewa darasani kila siku. Alisema hii saa ni ya Wazungu, yeye ana saa ya Rashidiya."

Mzee alicheka. Ilimtoka ghafla, kama chafya, mpaka watu wa foleni wakageuka.

Siku ya pili mzinga ulipolipuka alishtuka akashika meza, na akaomba urudiwe mara tatu. Siku ya tatu Teopista alisimama kwenye gati ya wahamiaji, lakini baada ya kuonyesha mlango wa makumbusho aligeuza kamera kuelekea ng'ambo, kwenye winchi za bandari na makontena yaliyopangwa. "Huku alipenda kuja Jumapili," alisema. "Hakuingia ndani hata siku moja. Alikaa kwenye benchi akaangalia makontena. Aliniambia baba yangu angeyaandika haya yote bila kukosea hata moja."

Mzee alinyoosha kidole akagusa kioo cha simu. Picha ikasimama. Winchi zikabaki zimenyanyua mikono. Metrine hakumharakisha, ingawa arbab alikohoa mara mbili kutoka mezani kwake.

Kanisa la mbao. Mnara wa taa, na mawimbi yakipanda majabali ya kijivu. Makumbusho ya bahari, ambamo Teopista alikatazwa kurekodi kwenye chumba kimoja, akanong'ona maelezo yake akiwa nje. Kila siku kulikuwa na jambo dogo ambalo baba hakulijua: kwamba Lujain alijifunza kuteleza kwenye barafu na kuvunjika kidole, kwamba alipika biriani bweni zima likalalamika kuhusu harufu kisha likala, kwamba alikuwa akimwambia kila mtu atarudi nyumbani Juni. Juni ipi, Teopista hakusema.

Ya siku ya saba ilifika tarehe kumi. Rekodi ilikuwa ya dakika kumi na tatu. Metrine aliuona urefu wake akainuka kwenye kiti.

"Nitakuacha peke yako, Mzee. Nitakaa kule."

"Kaa," alisema.

Mvua ilikuwa ikinyesha huko, nyembamba. Palikuwa na uwanja wa majani, miti ya misonobari, na safu za makaburi yaliyoinuka kidogo tu kutoka ardhini. Kamera ilipita ya kwanza, ya pili, ikageuka, ikatulia. Majani yalikuwa yameota vizuri. Mtu alikuwa akiyapunguza. Teopista alichuchumaa, mkono wake uliingia kwenye picha, ukaokota vijiti vya msonobari kimoja kimoja kutoka juu ya udongo. Mzee Aboud aliinua viganja vyake, na midomo yake ikaanza kwenda. Kwenye foleni, mwanamume mmoja wa Peshawar aliyekuwa akingoja kuchapiwa mkataba aliona, akainua viganja vyake pia bila kujua ni kwa ajili ya nani.

Baada ya muda Teopista alisema, "Mzee, mimi naenda sasa. Basi ni moja tu kwa saa," na picha ikayumba, ikaonyesha mbingu, kisha ikawa nyeusi. Lakini rekodi haikukatika. Alikuwa ametia simu mfukoni akasahau kuizima.

Metrine alinyoosha mkono kuifunga.

"Wacha," Mzee alisema. "Natoka naye makaburini."

Kioo kilikuwa cheusi kabisa. Kilichosikika ni kitambaa kikisuguana, na viatu kwenye majani yenye maji, vikienda taratibu. Vilisimama. Palikuwa na kimya, mvua tu. Kisha vikaanza tena, sasa juu ya changarawe, kwa haraka zaidi. Lango likalia. Gari likapita kwenye barabara yenye maji, na jingine. Mtu wa mbali alimsalimu Teopista kwa Kiingereza, naye akaitikia, na sauti yake ikawa imebadilika, sauti ya mtu aliye barabarani.

Zilikuwa zimebaki dakika nne. Mzee Aboud aliinamisha sikio karibu na simu, na Metrine akaifunika mashine ya fotokopi kwa mikono yake miwili ili isingurume. Mlango wa basi ukafunguka kwa pumzi ndefu. Hatua zikapanda, moja, mbili, tatu.